Shangazi Analia Kila Asubuhi

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Baridi ya kung'oa masikio. Shangazi amelia tena.

Shangazi ni lori letu. Tulimpa jina hilo kwa sababu haondoki asubuhi mpaka alalamike. Mwanangu akizungusha ufunguo tu, chini ya boneti inatoka: kwiiiiii! Kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Akishapata joto ananyamaza, anapeleka viazi sokoni kama si yeye.

Leo kuna kubwa kuliko kelele. Mke wa mwanangu amejifungua hospitali ya mjini. Msichana! Ataruhusiwa Jumamosi, na mwanangu atamfuata na Shangazi. Sasa tatizo. Kichwani mwa lori wanaenea watu watatu. Dereva, mzazi na kichanga chake, na bibi mmoja. Mmoja! Na hapa nyumbani mabibi tupo wawili, maana mama yake mke wa mwanangu amehamia kwetu tangu wiki iliyopita, na masanduku yake na maoni yake.

Bibi atakayekwenda ndiye atakayempakata mtoto kwanza. Sitaki maneno. Ni mimi.

Mwanangu, ili tumtoke masikioni, akasema atakayegundua kelele ya Shangazi inatoka wapi ndiye atakayekaa kiti hicho. Alikuwa anatania. Sisi hatutanii.

Mkwe mwenzangu akasema palepale ni betri, eti marehemu mumewe alikuwa dereva. Mumewe alikuwa utingo, nalijua hilo. Nimelimeza kwa ajili ya amani. Nitalitapika siku ikifaa.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Fundi anayemtengeneza Shangazi nimemtazama mara nyingi anavyosikiliza injini. Anaweka bisibisi ndefu juu ya chuma, mpini sikioni, anafumba macho kama anasali. Mimi bisibisi sina. Nina mwiko. Shule sikuiona hata dirisha lake, herufi hizi nilizipata mezani na mwanangu alipokuwa darasa la kwanza, lakini masikio ninayo.

Mwanangu akawasha. Nikainama juu ya injini, mwiko sikioni. Nikagusa hapa: kelele. Nikagusa pale: kelele. Kila mahali kelele! Nikasogea mbele kidogo, karibu na feni, nisikie vizuri.

Krak!

Nimebaki na mpini. Kichwa cha mwiko kimekwenda kinakokujua chenyewe.

Mwanangu akauliza kutoka ndani ni nini kimelia. Nikamwambia goti langu. Akanipa pole.

Sasa Shangazi ana sauti mbili. Kwiiii, halafu ko-ko-ko. Mkwe mwenzangu akasikiliza kutoka mlangoni, kikombe mkononi, akatoa hukumu: betri.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Leo zamu ya mtaalamu wa betri. Jana jioni aliifungua, akaiingiza chumbani, akaifunika kanga kando ya kitanda chake. Eti ikilala joto itaamka na nguvu. Nilipita nikamsikia anaiambia ilale salama. Simlaumu. Na mimi nimewahi kugombana na jiko.

Asubuhi akairudisha mwenyewe, kifua mbele. Mwanangu akazungusha ufunguo. Tik. Basi! Hata ile kwiii hakuna. Waya alikuwa amezivalisha tu kama kofia, hakuzikaza. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye umande.

Mwanangu hakucheka. Viazi vimechelewa sokoni. Akakaza waya, akawasha: kwiiii, ko-ko-ko, kama kawaida. Nikatangaza jirani wasikie kwamba betri haina kosa. Mkwe mwenzangu akasema nimeitia mkosi betri yake kwa macho. Hapo uvumilivu ukaisha. Nikamwambia marehemu alikuwa utingo. Tangu hapo hatusemeshani, isipokuwa kuombana chumvi.

Mwanangu ametuonya. Bibi atakayeweka mkono kwenye lori tena, haendi mjini.

Mkono, amesema. Nimesikia vizuri.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Nimeipata! Mtoto akikohoa asubuhi ya baridi unamfanyaje? Unamfunika kifua. Nimelea wangu na wa majirani, hakuna kikohozi kilichonishinda. Shangazi analala nje kifua wazi, halafu tunashangaa analia. Anataka kufunikwa, basi.

Mablanketi yangu yamechakaa. Lakini shali la mkwe mwenzangu ni zito, sufu tupu, rangi ya zambarau, la kutokea. Lilikuwa kambani linakauka. Kwa wakati ule halikuwa na mwenyewe.

Jioni nimenyanyua boneti kwa fimbo ya ufagio, si kwa mkono. Nimemfunika Shangazi vizuri, nikamchomekea pembeni. Alfajiri nitalitoa kabla mwanangu hajaamka.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Nililala fofofo.

Kilichoniamsha ni ukimya. Mwanangu kawasha, na hakuna kwiii! Nikatoka mbio na kandambili moja, napiga vigelegele, natangaza ni mimi, ni mimi. Halafu ikaja harufu ya sufu inayoungua. Halafu paa! Kama mlango uliobamizwa. Shangazi akazimwa.

Fundi akaitwa. Akafungua boneti, akavuta uzi wa zambarau. Akavuta. Akavuta tena, kama mtu anayetoa matumbo ya samaki. Mkwe mwenzangu kasimama pembeni, kila uzi unaotoka anausindikiza kwa macho. Mwishowe Fundi akatoa kichwa cha mwiko, akakiweka juu ya tairi, akanitazama mimi. Kwa nini mimi, sijui.

Shali lilikuwa limejisokota kwenye mkanda wa feni, likaukata. Mwanangu akakaa juu ya ndoo, akashika kichwa.

"Mama," akasema polepole, "kesho nitamleta mwanangu na nini?"

Neno hilo liliniingia. Nikaenda jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Mchana Fundi akarudi na mkanda mpya. Akaufunga, akaukaza, akawasha. Kimya! Shangazi ananguruma taratibu kama aliyeshiba. Fundi akatueleza kwamba mkanda ule wa zamani ulikuwa umelegea na kukakamaa. Kwenye baridi ulikuwa unateleza, na ukiteleza unalia. Ukipata joto unashika, unanyamaza. Kelele yote ilikuwa hiyo.

Nikafuta mikono, nikamuuliza mbele ya mashahidi ni nani aliyeuondoa mkanda mbovu ndani ya lori. Fundi akajikuna. Akasema kwa namna fulani ni mimi. Haya, kiti changu! Mkwe mwenzangu akadakia kwamba kilichokata mkanda ni shali lake, kwa hiyo kiti ni chake. Jamani, kuna watu hawana haya.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Kiti amekaa Fundi.

Mwanangu kasema hataki kukwama njiani, na kasema kwa sauti ambayo hata mimi niliyemzaa niliitii. Mabibi nyuma, juu ya magunia, chini ya turubai. Baridi! Mwanzoni kila mtu na pembe yake. Kufika darajani, tuko gunia moja. Kufika mlimani, tumejibanza ndani ya mabaki ya shali, bega kwa bega. Akaniambia, bila kunitazama, ni kweli mumewe alikuwa utingo, ila alikuwa utingo mzuri. Nikamwambia nitamfumia shali jingine. Akauliza kama najua kufuma. Nikasema nitajua.

Kushuka kwenye lori kwa magoti yetu si mchezo. Mimi namvuta yeye, yeye ananing'ang'ania gauni. Tulipofika wodini tunahema, mjukuu wetu alikuwa ameshapakatwa.

Na Fundi! Kucha zina grisi, macho kayafumba, sikio kaliweka kifuani kwa mtoto. Mwanangu na mkewe wanamwangalia tu na kucheka.

"Huyu mzima, bibi zangu," akasema. "Msimfungue."

Kurudi, mzazi mwenyewe aliamua. Fundi nyuma na magunia yake, sisi wawili tukabanana kiti kimoja. Mtoto alilala juu ya paja langu na paja la mkwe mwenzangu. Kichwa kilikuwa upande wangu. Naandika hilo lisije likasahauliwa.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Baridi kuliko siku zote. Mwanangu kamjaribu Shangazi. Hakuna kwiii. Hakuna ko-ko-ko. Amewaka kama maji yanavyomiminwa. Mwanangu kaingia ndani anapiga mluzi.

Vijana hawaelewi. Lori la umri ule halinyamazi bure. Kuna kitu anaficha.

Nimemwambia mkwe mwenzangu. Akasema na yeye ukimya ule umemkosesha raha, anashuku betri. Mimi nashuku kifua. Tumekubaliana tusigombane tena, tuchunguze yote mawili. Mwanangu akijilaza baada ya chakula, yeye atakaa mlangoni na mtoto, ajifanye anambembeleza.

Mwiko mpya ninao. Nimechagua mrefu zaidi.