Baskeli ya Nyange na Sufuria la Mkwe

Jumatatu, 7 Septemba 1959
Jirani yangu Ngwali kaenda Chake Chake na kurudi Wete kwa baskeli, siku moja. Barazani kapokewa kama katoka Makka! Hata mke wangu Mize kasema huyo ndiye mwanamme. Nikatangaza mbele ya wote: Jumapili naenda mimi. Nimenunua baskeli ya Nyange, rahisi mno. Gharama zimekwisha. Sasa ni kukanyaga tu.

Jumanne, 8 Septemba
Hazijakwisha. Vuai, fundi wa baskeli, kaitazama kama mgonjwa mahututi. Tairi zimelika. Mipira ya ndani viraka vitupu. Pampu hamna. Nilipomwendea Nyange, akajibu kwamba aliniuzia baskeli, hakuniuzia safari.

Jumatano, 9 Septemba
Polisi kanisimamisha. Taa iko wapi? Kengele? Nimeuza saa yangu ya mkono. Taa ninayo, kengele ninayo, tairi bado. Ngwali kaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama safari ipo. Ipo!

Alhamisi, 10 Septemba
Nimepata njia. Sufuria kubwa la shaba la mkwe wangu, Bi Mwanakhamis, limewekwa kwetu, halina kazi. Nimeliweka rehani kwa Vuai, kanipa tairi mpya. Mize hajui. Nitalikomboa kabla hajajua. Kwa fedha gani, sijafika hapo.

Ijumaa, 11 Septemba
Balaa! Bi Mwanakhamis kaja baada ya sala. Ana maulidi Jumatatu, sufuria atalifuata Jumapili. Wali nimeuacha sahanini. Mize kauliza kama naumwa. Nikamwambia ni mazoezi.

Jumapili, 13 Septemba
Nimeondoka alfajiri, nisiwepo litakapotafutwa. Kilima cha kwanza tu, mnyororo ukakatika. Nikaisukuma baskeli mpaka kwa Vuai. Bi Mwanakhamis kasimama mlangoni; sufuria kalikosa kwetu, watu wakamwelekeza huku. Sufuria lake limejaa maji machafu, na Vuai anazamisha mpira humo kutafuta tundu!

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Kasema tu, "Mwanangu, ungeniomba ningekupa. Sasa wageni wangu wale pilau ya mpira?"

Vuai kazivua tairi zake palepale. Ngwali, ambaye hupita kila nisipomtaka, kalipakia sufuria kwenye keria ya baskeli yake na kulipeleka nyumbani kwa mwenyewe. Watu wakamshukuru.

Jumatatu, 14 Septemba
Nimepewa majivu na ndimu, nikalisugua sufuria mbele ya wapishi wote. Mize kanionesha kila doa lililobaki. Nimeona haya kweli. Sitagusa tena kitu cha mtu.

Jumanne, 15 Septemba
Nimefikiri sana. Kosa ni la baskeli. Nimempa Silima wa Gando baskeli hiyo, pamoja na taa na kengele, kanipa dume lake la ng'ombe. Jembamba, lakini lina jicho kali. Katika mchezo wa ng'ombe, watu wakilichokoza uwanjani, litaitwa kwa jina langu, na Ngwali atakuwepo asikie! Ng'ombe hana tairi, hana pampu, hana mnyororo. Anataka kamba madhubuti tu.

Kisimani kwa Bi Mwanakhamis ipo moja nzuri sana. Na maji hayatekwi saa zote.