Albamu Yenye Mashimo

Jumatatu, 10 Machi 2025

Merveille, hata aibu huna. Krismasi tatu hujaja! Huko Ngozi unakokaa si mwezini, ni Burundi hii hii. Daftari ulinipa wewe. Ukasema, bibi andika, nikija nitasoma. Nimeandika mpaka kuku wangu wamepata vitukuu. Nani amesoma? Panya. Alisoma kurasa nne za mwanzo, akazila. Haya ya sasa ni ya kwako. Ukiyakuta yameliwa, kosa si la panya.

Mambo yako hivi. Albamu imekwisha. Nyimbo kumi na moja, zile tulizokuwa tukiimba kambini Tanzania, mimi na wifi yangu Agneta, dada wa marehemu babu yako. Mimi naanzisha, yeye anaitikia. Miaka arobaini na zaidi.

Imekwisha lakini haijakwisha. Faridi wa studio iko na maikrofoni moja tu, kwa hiyo tukarekodi mmoja mmoja. Nikaimba mimi kwanza, nikiacha nafasi za kuitikia. Siku ya Agneta kuingia, akaliona jalada. Uso wangu. Jina langu. Akauliza, yeye yuko wapi? Nikamwambia, wewe uko ndani, kwenye sauti. Akakaza kitenge chake, akasema, "Basi jiitikie." Akaenda zake Kabezi kwa mwanawe. Huu mwezi wa pili.

Sasa sikia. Ana uvimbe kooni. Watampasua Bujumbura, Alhamisi tarehe 20. Daktari hakuficha: sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Siku kumi! Faridi anasema saa moja ndani ya studio inatosha kuziba nafasi zote. Anasema pia, mama, nenda kamwombe radhi. Mtoto wa juzi. Hata ndevu zake hazijakubaliana zote zikae wapi.

Radhi siombi. Akili ninazo. Faridi alitaka awe produktere wangu, auze yeye, mimi nikae nyumbani nisubiri. Nimekataa. Nitauza mwenyewe, mkono kwa mkono, na mashimo yake hivyo hivyo. Watu watanunua, watakuta kimya, watapiga kelele: Agneta yuko wapi? Kelele zitafika Kabezi. Atakuja mwenyewe mbio.

Jumatano, 12 Machi

Soko la Rumonge. Faridi amezitia nyimbo kwenye vile vikadi vya simu, vidogo kama ukucha. Nilivifunga kwenye pindo la kitenge visipotee. Vitatu vimepotea.

Asubuhi nimeuza vinne. Mchana wanunuzi wote wanne wamerudi. Kwa foleni! Mwuza mawese anasema simu yake imekufa: bibi anauliza swali, halafu kimya. Anaitikisa, kimya. Nikamweleza kwamba hiyo ni nafasi ya Agneta. Akauliza Agneta anauzwa wapi.

Ni ule wimbo wa kurudi, tulioimba juu ya lori siku tulipotoka kambini. Mimi nauliza, "Nani kabaki nyuma?" Agneta anajibu, "Tupo, tupo wote." Sasa nauliza tu. Nilijisikiliza kwenye simu ya yule bwana, katikati ya soko, watu wanabishania mihogo. Nauliza na hakuna mtu. Sikupenda. Nikamrudishia pesa zake kabla hajamaliza kulalamika.

Na aliyeona yote ni nani? Hadjara. Yule anayeimba kwenye harusi za Waislamu. Naye anauza zake mwenyewe, bila produktere, amekaa kwenye kiti cha plastiki kama mke wa gavana. Kila anayenunua anaulizwa jina, mama yake hajambo, mtoto ameacha kukohoa? Wanaondoka wanacheka. Vikadi vyake viliisha saa nne asubuhi. Akaniita mbele za watu: "Mama Yudita, amahoro! Nasikia unauza kimya. Kilo bei gani?"

Nikamjibu kwamba kwa mdomo wake hata gunia zima halitatosha.

Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Magara. Niandike vizuri ili uelewe: siendi Kabezi. Nauza albamu kando ya ziwa. Magara leo, Gitaza kesho kutwa. Kama barabara inaendelea mpaka Kabezi, si mimi niliyeichimba.

Mafuta ya gari hakuna, mabasi yamelala. Nimepanda lori la mawese, nimekaa juu ya madumu. Kitenge changu sasa ukikikamua unakaanga samaki.

Mpango ulikuwa mzuri. Wavuvi wanapenda nyimbo, wavuvi wakishauza wana pesa mkononi, wavuvi wana midomo mirefu. Habari za Agneta zingefika Kabezi kabla yangu. Nimefika ufukweni: mitumbwi imevutwa juu, taa zimetundikwa, wanaume wamelala mchana kweupe kama wagonjwa. Mama mmoja akaniuliza natoka nchi gani. Mwezi mpevu, mama! Ndagala, dagaa wa huku, hufuata taa. Mwezi ukiwaka, taa ya mvuvi ni kazi bure. Wiki hii hakuna anayeingia ziwani na hakuna mwenye sarafu.

Kila mtoto wa hapa anajua. Mimi nilizaliwa hapa, nikakimbia mwaka 1972 nikiwa msichana, nikazeekea kwenye mahindi ya Kasulu. Nani angenifundisha mwezi?

Nimeuza sifuri. Nimepewa uji. Simu ya Faridi: ameuliza kama nimefika Kabezi. Nimemwambia siendi Kabezi.

Jumapili, 16 Machi

Gitaza, baada ya misa. Kwenye uwanja wa kuanikia kulikuwa na wanawake wapatao kumi na wawili. Ndagala mpya hakuna, walikuwa wanachambua za akiba, kutoa mchanga kabla ya kujaza magunia. Nikalaza simu ndani ya beseni tupu ili sauti ikue. Nikaweka wimbo wa kurudi.

"Nani kabaki nyuma?"

Kimya. Nikajiandaa kueleza habari za nafasi na za Agneta. Maneno yangu yalikuwa tayari. Hawakuuliza. Mwanamke mmoja mwenye ungo, anaitwa Riziki, akajibu bila kuinua macho: "Baraka."

Basi. Jina tu. Mikono yake haikusimama. Simu ikauliza tena. Mwingine akataja jina lake. Simu ikauliza, mwingine akataja. Hakuna aliyelia, hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mmoja hakutaja mtu, alitaja mlima wa kwao. Katika nafasi ya sita nikasikia mtu anasema Melkiades. Ni mimi. Babu yako, Merveille. Tulimzika kule kule kambini, hakupanda lori. Miaka yote hiyo Agneta alikuwa akijibu "tupo wote", na mimi nilikuwa nafurahi kwamba kuna mtu wa kunidanganya vizuri. Naye alikuwa anamdanganya nani? Melkiades alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimewaza hilo.

Wakanunua tisa. Riziki akanisindikiza hadi barabarani. Mumewe Baraka aliingia ziwani mwaka jana, ukarudi mtumbwi mtupu. Akaniomba nisije nikamtia mtu kwenye zile nafasi. Nikasema zina mwenyewe. Akauliza kwa upole, ni marehemu? Nikapiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Marehemu wapi! Yuko hai, iko Kabezi, ana kiburi tu!

"Sasa mama, wewe unafanya nini huku Gitaza?"

Swali gani hilo. 

Jumanne, 18 Machi

Kabezi. Njia imenileta.

Agneta alikuwa mlangoni, taulo shingoni, amekonda. Amekonda sana, Merveille. Sauti yake ni kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Akanitazama, akasema, "Karibu, mama. Unauza nini?" Kama hatujuani! Nikasema nauza nyimbo. Akauliza, "Nyimbo za nani?"

Hapo ndipo ningesema, zetu. Ulimi ulikuwa umeshajipanga. Nikasema, "Za Yudita. Mwimbaji mkubwa wa Rumonge."

Akanunua. Akalipa kamili, hakuomba hata kupunguziwa. Akatia kadi kwenye simu yake, akakaa. Nami nikasikia ile sauti yangu inauliza nani kabaki nyuma, na midomo ya Agneta imefungwa, macho yako kwangu. Alikuwa ananisubiri. Kwa Kirundi kuitikia wimbo na kulikubali neno ni kitu kimoja, kwikiriza. Hawezi kuitikia asichokikubali. Hilo najua hata mimi ambaye sikukanyaga darasa.

Nikasema Faridi ana mashine inayoweza kuitikia nyimbo zote kumi na moja, ila nimemwonea huruma Agneta, nimempa nafasi yeye kwanza.

"Murakoze, asante, mama muuzaji," akasema. "Mashine haina uvimbe. Itumie." Akaingia kupika maharagwe.

Mkwewe aliniletea sahani. Chumvi kidogo, kama ninavyopenda mimi. Agneta anapenda chumvi nyingi, tuligombana kwa hilo kambini miaka yote. Nimekula yote. Nimelamba na sahani.

Jumatano, 19 Machi

Kesho wanampasua. Nimelala hapa hapa, hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha. Asubuhi nikaamka na mpango bora kuliko yote. Mazoea! Mtu aliyeitikia miaka arobaini haitikii kwa akili, anaitikia kwa koo. Nikaficha simu yangu ndani ya ndoo ya makaa chini ya dirisha la jikoni, inarekodi, mlio nimeuzima. Nikajifanya nafua nguo nyuma ya nyumba. Nikaanzisha, ovyo ovyo, kama mtu asiyejua anaimba.

Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, ila mwiko umeacha kukoroga. Ya tatu, kutoka jikoni:

"Tupo, tupo wote."

Ah, mwanangu. Imechakaa ile sauti, imejaa mchanga. Lakini iliingia pale pale, kama mguu kwenye kiatu chake. Nguo ikaniponyoka. Nikaanzisha tena, akaitikia. Tena, akaitikia. Mara tatu! Halafu nadhani akajisikia mwenyewe. Mfuniko wa sufuria ukaanguka. Kimya.

Nikakimbilia ndoo, mikono ina povu. Nikaishika simu. Imerekodi nini? Kikohozi changu. Mbuzi wa jirani. Maji yakimwagika. Halafu basi. Faridi alipiga simu katikati, na simu ikipigiwa inaacha kurekodi. Alipiga kuuliza kama nimeshaomba radhi!

Kwa hiyo nimeisikia peke yangu. Haipo popote ila kichwani mwangu, na kichwa changu unakijua.

Nilipogeuka Agneta alikuwa amesimama mlangoni, anatazama simu, anatazama makaa kwenye mikono yangu. Hakutukana. Ningependa angetukana. Akakaa kizingitini. Mimi nikarudi kufua nguo zilizokwisha takata. Nilijiambia, akianza yeye kusema neno moja, lolote, mimi nitayasema yote. Tukakaa hivyo mpaka jua likahama ukutani.

Ijumaa, 21 Machi

Wamempasua jana, yu mzima. Nimemwona leo. Chumba cha vitanda sita, bandeji shingoni. Haruhusiwi kusema neno kwa wiki sita, baadaye ndipo watajua kama sauti iko ama haiko.

Nilimpelekea ndizi na mchuzi laini. Akanionyesha kiti. Kisha akamwomba muuguzi kalamu, kwa vidole. Akaandika polepole, herufi kubwa kubwa zilizoachana. Anajua nasoma hizo tu vizuri. Yeye ndiye aliyenifundisha, kambini, kwa herufi za magunia ya unga wa msaada, nikiwa tayari mama wa watoto wanne na naona aibu kushika kalamu. Akanipa karatasi.

SASA SIWEZI KUKUKATIZA. SEMA.

Mgonjwa wa kando aliacha kunywa uji wake. Nilifungua mdomo, Merveille. Naapa niliufungua. Nikasikia mtu anasema kwamba Rumonge nyanya zimepanda bei, zinauzwa kama dhahabu, na hata zilizooza zina wanunuzi.

Nilizungumza habari za nyanya muda mrefu sana.

Agneta akafunga macho. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani ana maumivu, nikaita muuguzi. Mgonjwa wa kando akasema, mwache mama, anacheka. Mimi nilikuwa karibu yake zaidi. Sikujua ni lipi.

Nimetoka hapo na somo. Kosa lote lilikuwa simu. Simu moja haitoshi, zinatakiwa mbili: moja ya kurekodi, moja ya kumpokea Faridi. Zikiisha wiki sita, ndoo ibadilishwe pia, makaa yanachafua. Kapu la nguo ni bora. Mpango huu hauwezi kushindwa.

Wewe ukija ukayasoma haya, usikae. Rudi mpaka Kabezi kwanza. Mwamkie bibi yako Agneta kwa mikono miwili. Mwambie jalada lilikuwa la watu wawili na Yudita alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Mwambie Yudita bila yeye anaimba kama mtu anayegonga nyumba iliyohamwa. Useme kama ni mawazo yako mwenyewe, mimi sijui lolote. Kisha mpe kalamu, ukae, usimharakishe. Atakachoandika niletee moja kwa moja, na usikisome njiani.