Nilivyoisafisha Simu ya Karani

Jumatatu, 3 Machi
Nimepandishwa cheo! Mama kanituma niende shuleni kesho kwa niaba yake, kiwandani hawampi ruhusa. Mimi, mzazi kamili, na ndevu zangu saba.

Jambo lenyewe si dogo. Dada yangu mdogo wa darasa la sita, tunamwita Karani kwa sababu huandika kila kitu, ana mchezo wa mbio za magari kwenye simu. Wachezaji huandikiana humo. Mmoja anajiita Rafiki, eti ana miaka kumi na miwili. Anataka picha ya Karani akiwa na sare. Anataka kujua hutokea geti lipi. Karani kaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, anaweza kuja?" Nikamwambia athubutu, mimi nipo.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi nikaonyesha ufundi. Mimi ni fundi simu, si wa kubahatisha. Nikafuta mchezo, ujumbe, Rafiki mwenyewe, vyote kwaheri. Simu ikang'aa kama imetoka dukani. Karani alitaka kusema kitu. Nikamwambia akae kimya, fundi yuko kazini.

Ofisini nikamkuta nani? Mwalimu Miwani! Alinifundisha hesabu, au tuseme alifundisha nikiwa nimesimamishwa nje ya mlango. Akauliza huyo mtu aliandika nini, lini, kwa jina gani hasa. Nikampa simu tupu, kifua mbele. Akaitazama weee.

"Mwanangu," akasema, "mwizi umemkamata au umemsindikiza?"

Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Mama hasemi nami. Anasema na sufuria, lakini maneno ni yangu. Huyo mtu bado yuko huko, na shule haina pa kumshikia. Nikaona aibu. Dakika mbili hivi.

Jioni nikamweleza Karani kwamba mwalimu anataka ushahidi. Akaleta daftari lake la hesabu, akafungua nyuma. Ujumbe wote! Tarehe, saa, jina kamili la Rafiki na tarakimu zake, kwa mwandiko ulionyooka. Alinakili tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Fundi alikuwa kazini."

Alhamisi, 6 Machi
Tumekwenda wote wawili. Mwalimu Miwani akasoma amesimama, akamwita mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaita polisi. Kabla ya saa sita wasichana wengine wawili wa darasa lake wakajitokeza: Rafiki aliwaandikia wao pia. Mmoja alikuwa ameshaahidi picha. Hakuituma! Sasa geti lina mwalimu kila jioni.

Miwani akampa Karani mkono kama mtu mzima mwenzake. Mimi akaniomba nisiguse simu yoyote ya shule.

Ijumaa, 7 Machi
Karani kasimama mbele ya shule nzima, akawaasa: Usifute, andika, mwambie mkubwa. Usiweke picha yenye sare na jina la shule. Hakutetemeka hata kidogo. Nikapiga makofi juu ya benchi mpaka nikateremshwa. Kila aliyeniuliza nilimwambia: huyo nimemlea mimi. Asiyeuliza pia.

Fahari kama hii haifichwi. Nimeiweka mtandaoni sasa hivi: picha ya Karani na sare yake, kibao cha shule nyuma kinasomeka vizuri kabisa, na maneno yangu, "Shujaa wetu, hutoka geti hili saa tisa na nusu." Watu arobaini wamependa, wengine hata siwajui!

Karani yuko mlangoni. Ananitazama, daftari mkononi, anaandika mbio mbio. Bila shaka ni sifa zangu.