Uhamisho wa Shabiki Nambari Kumi na Saba

Kuanzia tarehe mosi Machi 1987, hakuna mkazi wa Kitale aliyeruhusiwa kushabikia besiboli bila kuandikishwa. Tangazo hilo lilibandikwa posta, sokoni, na kwenye mlango wa choo cha stendi, mahali ambapo matangazo husomwa kwa utulivu zaidi. Nililiandika mimi mwenyewe, Mukhisa, Afisa Msaidizi katika Ofisi ya Mikusanyiko na Burudani. Sisemi hivyo kwa kujivuna. Nataka tu ijulikane kwamba sentensi zake zilikuwa fupi.

Wageni huuliza kwanza besiboli ilifikaje huku. Ililetwa na mwalimu Mmarekani wa hesabu. Aliporudi kwao mwaka 1984, aliacha glavu saba, mipira minne, gongo moja la kupigia mpira lenye ufa, na kitabu cha kanuni chenye kurasa mia moja na kumi. Kitale ikaunda timu. Bungoma ikaunda timu kwa sababu Kitale ilikuwa nayo. Hiyo ndiyo ligi. Kila mwaka timu moja huchukua ubingwa na nyingine huchukua nafasi ya pili, kwa hiyo hakuna iliyowahi kushuka daraja.

Wachezaji hawakusumbua ofisi. Mazungumzo ndiyo yaliyosumbua. Kila jioni watu kumi na watatu au kumi na wanne walikaa kwenye baraza ya duka la Kishore, muuza vyombo, wakajadili nani aingie kwenye orodha ya timu, nani aachwe, na nani achukuliwe kutoka Bungoma. Jioni moja ya Februari, mkubwa wangu, Mkurugenzi Mbugua, alipita hapo akienda kununua wembe. Alisimama akasikiliza dakika ishirini. Asubuhi alifika kazini na ndevu zake zote.

“Mukhisa,” aliniambia, “hawa watu wanahamisha wachezaji kutoka wilaya moja hadi nyingine. Kwa mdomo tu. Fomu iko wapi?”

Fomu haikuwapo. Nilichukua kitabu cha yule mwalimu nikakisoma kwa siku tatu. Kilisema kwamba orodha ya timu ina watu ishirini na watano. Wanaobaki ni wa akiba. Kilieleza jinsi mchezaji anavyobadilishwa na mwenzake wa timu nyingine, na jinsi timu zinavyokwenda kambini kabla ya msimu. Nikachora fomu yenye mistari ishirini na mitano.

Hapo tulikutana na ugumu wa kiutawala. Kitale ilikuwa na wachezaji kumi na wawili. Mistari kumi na mitatu ilibaki mitupu, na kila mtumishi wa serikali anajua kwamba fomu yenye mistari mitupu hurudishwa. Niliipeleka fomu kwenye baraza ya Kishore nikajaza mistari iliyobaki kwa majina ya waliokuwa wamekaa pale. Mkurugenzi akatia sahihi. Tangu muhuri ulipogonga karatasi, kila kanuni ya mchezaji ikawa kanuni ya shabiki. Bungoma walifanya vivyo hivyo baada ya wiki moja, wasije wakaonekana nyuma.

Wananchi waliupokea mpango huu kwa moyo mkunjufu. Awali walibishana kuhusu wachezaji. Sasa walibishana kuhusu wao kwa wao. Kishore, ambaye baraza ilikuwa yake, alijikuta kwenye akiba kwa sababu siku niliyopita alikuwa ndani anapima sufuria.

“Ati Kishore uko akiba,” mmoja alimtania.

“Na nyinyi mnakaa kwa baraza ya nani?”

“Baraza ni yako, bana, lakini kushangilia ni yetu. Wewe utaingia mtu akiumia koo.”

Mwezi wa Aprili ukaja na suala la kambi. Kitabu kilisema mazoezi yafanyike majira mimea inapochipua, mahali penye joto kuliko nyumbani. Kwetu mmea unaochipua ni mahindi, na mahali penye joto kuliko Kitale ni karibu kila mahali. Ofisi ilichagua Ndalu, ambako mtu huhitaji sweta moja badala ya mbili. Wachezaji hawakuweza kwenda. Walikuwa mashambani wakipalilia. Tulipeleka mashabiki.

Kambi ilidumu siku tano na mvua ilinyesha siku sita, kwa kuwa ilitutangulia. Kila asubuhi mashabiki walifanya makofi ya mfululizo, halafu kimya cha pamoja, halafu kutoridhika na mwamuzi kwa sauti ya kadiri. Mchana walijadili orodha, nami nikasimamia mjadala usitoke nje ya orodha. Hakuna mpira uliorushwa. Katika ripoti yangu niliandika kwamba kambi ilifanyika bila jeraha lolote.

Ripoti hiyo ndiyo iliyotuletea kazi nyingine. Ilikuwa na safu inayoitwa Uhamisho, nayo ilikuwa na sifuri. Mkurugenzi Mbugua aliitazama sifuri ile kama mtu anayetazama nzi kwenye chai. Alisema ligi isiyohamisha watu haionyeshi maendeleo. Akaniagiza nipate uhamisho mmoja kabla ya mwisho wa mwezi, na nitumie njia ya kisayansi. Kitabu kilisema timu huwaacha wazee wao. Nilipanga mashabiki kwa umri. Wa kwanza akawa shabiki nambari kumi na saba, Pritam Singh, fundi seremala, miaka sitini na minane.

Inafaa nimweleze mzee huyu. Lile gongo la Mmarekani lilipovunjika, ni yeye aliyechonga jingine kwa mbao ngumu za Mlima Elgon, na tangu hapo alikuwa amechonga yote, ya Kitale na ya Bungoma. Wanawe walikuwa wamehamia Uingereza. Mkewe alikuwa amefariki. Katika karakana yake alikuwa amebaki na fundi mmoja kijana, Wabwile, ambaye pia ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa Kitale. Kila Jumamosi mzee alikaa nyuma ya mpigaji, kwenye kigoda alichokitengeneza mwenyewe, akiwa na magongo matatu mapajani. Zamu ya Wabwile ilipofika, mzee alimtazama yule mrushaji, akachagua gongo moja, akampa. Wabwile hakuwahi kupiga kwa gongo alilolichukua mwenyewe.

Nilimpelekea barua karakanani. Alibadilishwa na mashabiki wawili wa Bungoma, wote chini ya miaka thelathini, wenye sauti zilizopimwa. Kwa mujibu wa kanuni ya saba, shabiki aliyehamishwa atakaa wilaya ya timu yake mpya kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, ataketi na wenzake wapya, na atafurahi wanapofurahi.

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

“Bwana Mukhisa, mimi nazaliwa hapa. Baba yangu alikuja na reli. Majivu yake tulimwaga kwa Nzoia, pale Moi's Bridge. Sasa mimi nashangilia Bungoma namna gani?”

Nilimweleza kwa heshima kwamba mto Nzoia unateremka kuelekea Bungoma, kwa hiyo marehemu alikwisha kuhamia huko, tena bila fomu. Wabwile aliweka msumeno chini.

“Afande, huyu ni mzee,” alisema. “Si mnichukue mimi.”

Nilimjulisha kwamba yeye ni mchezaji muhimu na ofisi haiwezi kuidhoofisha timu.

Pritam Singh alitii. Kila Ijumaa alifunga karakana akaenda Bungoma, akapanga chumba, na Jumamosi akaketi katikati ya mashabiki wa huko. Msimamizi wao alikuwa Nanyama, mama aliyeuza vitenge sokoni na ambaye aliandikisha watu wake kwa ukali kuliko sisi. Baada ya wiki nne aliniandikia malalamiko. Mzee hakuvunja kanuni yoyote, alisema, na hilo ndilo tatizo. Wengine walipofurahi, alifurahi. Alipiga makofi matatu, akakunja mikono. Kisha akatazama upande wa Kitale kwa namna iliyowafanya watu wa Bungoma waone aibu kushangilia. Wawili walikuwa wameacha kuja.

Huku kwetu mambo yalikwenda vilevile. Nyuma ya Wabwile sasa alikaa mmoja wa wale vijana wenye sauti zilizopimwa. Wabwile aligeuka kila zamu, akaikuta sauti, akachukua gongo lolote. Katika mechi nne hakugusa mpira. Kwenye baraza ya Kishore walianza kusema kwamba mwaka huu Bungoma itachukua kikombe, na mimi niliandika katika ripoti kwamba ushindani umeongezeka.

Fainali ilipangwa Bungoma, Jumamosi ya tatu ya Julai. Makao makuu ya Nairobi yalikuwa yamesoma ripoti zetu. Yalituma mgeni, bwana mwembamba mwenye mkoba, aje aone mpango huu kabla haujapelekwa nchi nzima. Mkurugenzi Mbugua alinunua suti. Alitaka aketi karibu na mgeni huyo, kwa kuwa alitarajia kupandishwa cheo kabla ya kiti kupoa.

Tulipofika langoni, mgeni alikuwa amekwisha kuingia kwa barua ya Nairobi. Nanyama alikuwa amesimama na orodha zote mbili. Alizipitia kwa kidole, mstari kwa mstari.

“Jina lako sioni, baba,” alimwambia Mkurugenzi.

“Mimi ndiye niliyeanzisha hizo orodha.”

“Ndiyo. Sahihi yako naiona hapa chini, na hapa. Jina ndilo sioni.”

Ilikuwa kweli. Mkurugenzi alikuwa amekataa kuandikwa kwa sababu kiongozi ni wa timu zote. Na orodha zilikuwa zimefungwa siku iliyotangulia, saa kumi kamili, kwa amri yake. Mgeni wa Nairobi alikuwa amegeuka kitini anatutazama. Mkurugenzi aliniuliza kwa sauti ya chini kama kulikuwa na njia. Mimi ni mtu wa kanuni. Nilifungua kitabu nikamwambia kwamba kulikuwa na njia moja: baada ya orodha kufungwa, mtu huingia tu kwa kubadilishwa na aliyemo, timu zote mbili zikikubali.

Nanyama hakufikiri muda mrefu.

“Mimi nawapa mzee Singh,” alisema. “Mnipe huyu wa suti.”

Watu wa Kitale waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu walikubali kabla sijawauliza. Kishore, shabiki wa akiba, alinikopesha kalamu.

Mkurugenzi Mbugua alitia sahihi haraka, amesimama, karatasi ikiwa mgongoni mwangu. Alitia sahihi kama mhamishwa, na tena kama mwidhinishaji. Mgeni wa Nairobi alishuka mwenyewe akaisoma fomu. Alisema hajawahi kuona kiongozi anayefuata kanuni zake kwa moyo namna ile. Akagonga muhuri wake wa shahidi, akatia nakala kwenye mkoba.

Mzee alivuka uwanja na kigoda chake. Hakuna aliyepiga makofi, maana hayakuwamo kwenye ratiba, lakini yule kijana mwenye sauti iliyopimwa aliinuka mwenyewe akampisha. Zamu ya Wabwile ilipofika aligeuka. Mzee alimtazama mrushaji wa Bungoma kwa muda, akaweka kando magongo mawili, akampa la tatu. Mpira wa pili ulitoka uwanjani ukapotelea katika shamba la mahindi la jirani, na wachezaji watatu wa Kitale wakakimbia hadi nyumbani, yaani kituo cha mwisho kinacholeta pointi, bila kuharakishwa na mtu.

Upande wa pili Mkurugenzi Mbugua alikuwa ameinua mikono. Nanyama alimgusa bega, akamkumbusha kwamba yeye sasa ni wa Bungoma. Akaishusha.

Barua kutoka Nairobi ilifika baada ya siku kumi na nane. Idara ya utumishi ilikuwa imepokea fomu iliyojazwa kikamilifu, yenye sahihi mbili na muhuri wa shahidi, na haikuona sababu ya kuikataa. Uhamisho wa Bwana Mbugua kutoka Kitale kwenda Bungoma uliidhinishwa. Ataripoti kwa cheo kilichotajwa kwenye fomu, yaani Shabiki Nambari Kumi na Saba. Nafasi yake Kitale itashikwa na aliyebadilishwa naye.

Mkurugenzi, kama alivyoitwa wakati huo, aliisoma barua akiwa amekaa. Aliniuliza kama kuna rufani. Nilimwambia ipo, kanuni ya ishirini na mbili, na kwamba husikilizwa na Mkurugenzi wa Kitale.

Tulikwenda pamoja hadi karakanani. Mkurugenzi mpya alikuwa amekwisha kupata barua yake. Alikuwa ameitumia kupima ukali wa randa, na vipande vyake vilikuwa sakafuni pamoja na maranda. Bwana Mbugua alisimama mlangoni akaeleza shida yake kwa urefu. Alitaja miaka yake kumi na tisa ya utumishi, nyumba ya serikali, na watoto walioko shuleni Kitale. Alieleza vizuri. Mimi mwenyewe niliguswa, nikaandika hivyo pembeni mwa faili.

Pritam Singh alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliinua gongo, akafumba jicho moja, akatazama kama limenyooka. Halijanyooka. Akalirudisha mezani.

“Nimesikia, Bwana Mbugua,” alisema. “Sasa wewe kuja kesho.”

Bwana Mbugua alirudi kesho yake, saa mbili kamili. Alikuta watu wawili kwenye benchi mbele yake, nao pia walikuwa wameambiwa jana waje kesho.