Mkono, Zima, Otomatiki

Injinia alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa aliposikia, kutoka kiti cha pili pale kwa kinyozi, kwamba mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa juu ana mtambo wa kupikia bia nyumbani unaojiendesha wenyewe, na anautafutia fundi. Akasimama na taulo shingoni. Upande wa pili ungesubiri.

Cheo cha uinjinia hakupewa na chuo chochote. Alijipa mwenyewe, tena kwa moyo mkunjufu. Ila umeme aliujua. Kilichompita kando ni uaminifu.

"Mwanangu, mtambo huu haunisikilizi," mama yule alilalamika, akimwonyesha paneli ya ukutani stoo, juu ya masufuria mawili makubwa. "Unapasha moto unapotaka, unazima unapotaka. Nimeongoza shule miaka thelathini, sijawahi kudharauliwa hivi. Leo nimeuzima kabisa, nisije nikauchapa."

"Dawa yake swichi za mkono, mama. Moja ya hita, moja ya pampu. Ukigeuza kushoto, unaamuru wewe. Katikati, zima. Kulia, mtambo unajiamulia."

"Basi nifungie. Swichi ninazo. Malipo ukimaliza."

Injinia alipofungua paneli, akauona ubongo wa mtambo: kisanduku cheusi chenye kioo kidogo, mali ya kugombaniwa madukani. Akauchomoa, akausokomeza mkobani chini ya koleo. Sasa, ili wizi usigundulike, swichi zilipaswa kufanya kazi kwelikweli. Basi mwizi wetu akafanya kazi safi kuliko mafundi wengi waaminifu. Alizima umeme wa nyumba, akapitisha nyaya kwenye fyuzi, akazikaza moja moja, akazibandika namba, akaweka taa nyekundu ya hita na ya kijani ya pampu.

Umeme uliporudishwa, mama akageuza kushoto. Pampu ikanguruma.

"Hongera, mwanangu! Sasa weka otomatiki."

Ubongo wa otomatiki ulikuwa mkobani mwake. "Otomatiki huanza taratibu, mama. Wewe kapumzike jikoni, mimi nakwenda kununua utepe."

Akatoka mlango wa mbele na mkoba wake, akazunguka nyumba, akaingia stoo kupitia dirishani na kujibanza nyuma ya magunia ya shayiri, mkono mmoja umeinuliwa hadi kwenye swichi.

"Tii! Tii!" akalia kwa sauti nyembamba, akawasha hita.

"Ahsante, mashine," mama akaitikia kutoka jikoni.

Kwa saa nne Injinia alikuwa mtambo. Alipasha, akazima, akasukuma maji, akalia tii. Mavumbi ya magunia yakamwingia puani, akapiga chafya iliyotikisa masufuria.

"Mashine, una mafua?"

"Tii," akajibu kwa unyonge.

"Pole. Nakuachia chai hapa mlangoni."

Akainywa yote.

Kazi ilipokwisha, alichupa dirishani bila hata kudai ujira, akakimbia mpaka kwa muuza vipuri. Yule bwana akakifungua kisanduku kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na harufu ya kuungua na mayai mawili ya mjusi.

"Hiki kilikufa mwezi uliopita," alisema. "Ni cha yule mwalimu. Alikuja hapa kununua swichi, akaniuliza mafundi wanatoza kiasi gani kuzifunga. Nikamtajia."

"Akasemaje?"

"Alisema hao ni ghali mno, bora atafute mwizi."