Silabi Iliyonihamishia Sebuleni

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mashairi,

Salamu nyingi kutoka sebuleni, ninakolala tangu Jumapili kwa hisani yako.

Nilikuletea shairi la kumsifu mke wangu, ukalichapa gazetini. Ahsante, kalamu yako isipungukiwe wino. Ila mimi niliandika: "Mimi sijajuta kuoa, miaka yote ya ndoa." Wewe ukachapa: "Mimi najuta kuoa, miaka yote ya ndoa." Nilipokupigia simu ukanieleza, kwa upole wa daktari, kwamba mizani ya shairi ni hesabu ya silabi, kila kipande cha mstari huchukua nane, changu kilikuwa na tisa, kwa hiyo ulinisaidia tu.

Malalamiko yangu:

1. Mizani naijua. Nimeuza nyama tangu ujana. Kilo ikitimia, muuza nyama muungwana hutupia kipande cha nyongeza, na sijaona mteja akilia. Silabi ya tisa ilikuwa nyongeza ya mke wangu.

2. Na kama ilibidi kukata, bwana mkubwa, hukatwa mfupa. Wewe umekata ini! "Sijuti" ilikuwepo, inakaa nane barabara, haigombani na mtu.

3. Mama watoto amelibandika shairi jikoni. Nikiomba chai ananijibu, "Kaombe kwa Mhariri, si ndiye mshenga wako siku hizi?" Mashemeji wameitisha kikao. Shemeji mkubwa, ambaye hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko risiti, amelikariri lote.

4. Kwa hiyo naomba urudishe silabi yangu ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa. Au uje mwenyewe umfundishe mke wangu mizani, ukiwa umevaa kofia ya pikipiki. Yote yakishindikana, nitandikie ofisini kwako. Sikoromi ovyo; nakoroma nane nane.

Wasalimie mafundi mitambo, mfagizi, na mkeo, ambaye naamini hujathubutu kumtungia kitu.

Ni mimi niliyepunjwa,
Muuza Nyama Mstaafu

Tanbihi: Usichape barua hii. Mke wangu ameisoma nikiwa msalani, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema mstari wangu ulikuwa unachechemea, wako unaimbika, basi uubakize. Amebadili kipande cha pili tu: "Mimi najuta kuoa, nikiwa nimechelewa." Nane kwa nane. Sahihi ya shairi iwe yake, mimi niache hapa na kikombe changu. Chai imekuja, na sukari ametia ya nyongeza.