Ikauke Saa Nane

Jumatatu, 3 Machi

Fundi amemaliza kulaza vigae sebuleni. Vizuri kweli! Vya udongo wa kuchoma, vyekundu, na juu vimepakwa nta tangu kiwandani. Atarudi Ijumaa kujaza grauti, ule uji wa saruji, kwenye mianya. Kabla ya kuondoka akaniapisha: nta nisiiguse. Eti ndiyo kinga, grauti ikimwagikia juu isigande kwenye kigae. Akimaliza ataitoa mwenyewe kwa maji ya moto. Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa naiwaza Jumamosi.

Mama mkwe amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Anatembea kwa fimbo, na nyumba yake ina ngazi mpaka basi. Lazima akae kwa binti mmoja hadi apone. Kwetu, au kwa dada mtu? Jumamosi atazipitia nyumba zote mbili, ndipo aamue. Mke wangu ameshatandika kitanda. Hajawahi kumuuguza mama yake hata siku moja, kila mara dada yake humtangulia. Safari hii anamtaka, nami nimeapa atampata. Nina na langu pia. Siku ya harusi mama mkwe alisema mbele ya watu kwamba mdomo wangu ameuona, mikono bado. Miaka kumi na mmoja nimelimeza hilo! Sasa ataiona.

Jumanne, 4 Machi

Mwanyumba kaja kuchungulia. Ndiye mume wa huyo dada mtu. Namwita Timazi, kama kile kipimo cha waashi, maana kwake kila kitu kimenyooka, hata viatu mlangoni. Kapitisha kidole kwenye kigae, akakinusa, akauliza kama tumekaangia kitu hapa chini. Kisha akasema sakafu ya kwake inang'aa mpaka mtu anajiona meno. Nikacheka. Ndani nachemka.

Alipoondoka, nami nikapitisha kidole. Kweli, mafuta mafuta! Mama mkwe apite hapa na fimbo? Fundi yeye hana mkwe wa kumpokea, ndiyo maana hana haraka. Nikachemsha sufuria tatu za maji, nikatia sabuni ya unga, nikashika brashi ya kufulia. Nimesugua tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Nta imetoka yote! Magoti hayanyooki. Mke wangu kaniuliza kama fundi anajua. Nimemwambia fundi atashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Fundi hakushukuru. Nilimpigia simu, akaniuliza mara mbili kama nimeitoa yote. Kisha akaniambia nidondoshe tone la maji kwenye kigae, nimweleze linafanyaje. Likanywewa papo hapo, pakabaki doa jeusi. Akasema ndiyo hivyo. Kigae kilichovuliwa nta kina kiu, na grauti nayo kitainywa vilevile, haitoki tena. Sasa lazima kipakwe dawa ya kuziba vitundu vyake kabla ya grauti. Ijumaa atakuja nayo.

Ijumaa! Mtu na akili zake angoje Ijumaa? Nikamwambia asijisumbue, dawa na grauti nitanunua mwenyewe, na kazi nitafanya mwenyewe. Akashusha pumzi ndefu. Akanipa maagizo: vigae vikauke kabisa, dawa ipakwe nyembamba kwa kitambaa, inayobaki juu ifutwe. Halafu ikauke saa nane, ndipo grauti imwagwe. Nimeandika kiganjani kwa kalamu: SAA NANE. Safari hii nimesikiliza neno kwa neno.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mikono yangu! Dawa nimeanza kupaka saa nne asubuhi, nikamaliza saa sita kasoro. Sebule inanuka kama gereji. Nikakaa mlangoni kuitazama saa ya ukutani. Sijapata kuona saa inayojikokota namna ile. Nikasimama. Nikakaa. Nikazunguka nyumba mara nne, jirani akauliza kama nimepoteza kuku.

Saa nane kamili, si dakika moja kabla, nikamwaga grauti. Mke wangu aligusa kigae, akasema kidole kinanata. Nikamwambia fundi kasema saa nane, na saa nane hii hapa. Nikajaza mianya yote kwa kibao cha mpira. Nikaenda kuoga huku naimba.

Nikarudi na sponji kufuta iliyobaki juu. Haifutiki! Grauti imeshikana na dawa, dawa imeshikana na kigae, sponji nayo imeshikana na zote mbili. Nimesugua mpaka sponji ikaisha. Sakafu nzima nyeupe, mabaka mabaka, inakwaruza kama ulimi wa paka.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi amekuja. Kasimama mlangoni akavua kofia, kama aliyefika msibani. Nikamweleza kwamba nimefuata neno lake, saa nane kamili. Akauliza saa nane ipi. Nikamwonyesha saa ya ukutani. Akakaa chini.

Kumbe alimaanisha saa nane za kungoja, siyo saa nane ya mchana! Nikamwambia angesema hivyo. Akasema alisema hivyo. Tulibishana mpaka mke wangu akaingia. Aliinama, akapapasa kigae, akaanza kulia. Alisema mama ataenda tena kwa dada, kama siku zote. Mimi mwenye mdomo nikainama, nikakwangua baka moja kwa ukucha. Niliona aibu ya kweli, siyo ile ya kujifanya. Fundi kasema kuvisafisha kunataka wiki mbili na dawa kali.

Jioni Timazi kapita, eti kwa bahati tu. Katazama, akasema pole. Pole yenyewe ilikuwa na meno thelathini na mawili.

Jumamosi, 8 Machi

Siamini ninachoandika!

Mama mkwe alianzia kwa Timazi. Mke wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Sakafu inang'aa, meno unayaona kweli. Mama mkwe kaweka fimbo, fimbo ikateleza ikaenda zake mpaka chini ya kabati. Timazi akamdaka kwapani. Namshukuru Mungu hakuanguka, na hilo nalisema kwa moyo wangu wote.

Kisha wakaja kwetu, Timazi akiwa nao. Nilijificha jikoni. Nikasikia fimbo: ko, ko, ko. Haitelezi! Alitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, akageuka, akarudi, bila kushikwa mkono. Akaniita. Akauliza sakafu hii kaitengeneza nani. Mke wangu akanitazama. Nikasema ni mimi, kwa mikono hii. Mama mkwe akaitazama mikono yangu kwa muda. Akasema tangu atoke hospitali hapa ndipo mguu wake umeacha kuogopa, na kesho saa tisa alasiri atahamia. Mke wangu akanikumbatia mbele ya mama yake. Mbele ya Timazi!

Jumapili, 9 Machi

Sikai, sisimami. Tangu alfajiri naitazama sakafu. Jana mama mkwe aliisifu bila miwani, miwani ilikuwa mkobani! Leo ataivaa. Na atakayemleta kwa gari ni Timazi. Aje ayaone mabaka haya mara ya tatu? Haiwezekani. Mtu akikuamini, nawe umwonyeshe kwamba hakukosea.

Nimepekua stoo, nimepata mkebe wa nta ya sakafu. Mke wangu amekwenda kumsaidia mama yake kufunga mizigo. Sikumwambia, iwe zawadi yao wote wawili. Nimepaka kona hadi kona, nikarudia mara ya pili. Inang'aa! Nimeinama, nimeyaona meno yangu.

Mkebe umeandikwa ikauke saa nane. Safari hii nimesoma mara mbili. Sasa hivi ni saa saba, nao watafika saa tisa. Muda upo tele.